WAYA UNAOZIKWA SAKAFUNI HAUCHAGULIWI KWA BEI



Iko kazi moja ambayo fundi wa stima huifanya mara moja tu, kisha ikafunikwa, wala haionekani tena mpaka siku ya kuvunja. Kazi hiyo ni kulaza waya wa kupasha sakafu joto. Katika nchi za baridi ni kazi ya kila siku. Hapa Kenya ni chache, lakini ipo: katika vyumba vya kuogea vya hoteli na nyumba kubwa za nyanda za juu, ambako mwezi wa Julai mtu hukanyaga kigae akaruka. Wenzetu huitwa kwa kazi hiyo, na wengine wamekwenda ng'ambo wakaikuta huko. Kwa hiyo yafaa tuseme neno letu.

Neno letu ni hili. Waya wa kuzikwa sakafuni usichaguliwe kwa bei ya mita moja. Uchaguliwe kwa ganda lake. Tena fundi atakayeulaza awe na sauti katika kuuchagua, na lile lililochaguliwa liandikwe. Maana siku sakafu itakapopoa, au itakapompiga mtu stima, hakuna atakayemtafuta yule aliyeokoa shilingi kidogo dukani. Atatafutwa fundi.

GANDA NDILO MAISHA YA WAYA

Waya wa kupasha joto una metali ndani yake inayoizuia stima kupita kwa urahisi, ndipo ikapata moto. Metali hiyo haina haraka ya kuchakaa. Kinachozeeka ni ganda linaloifunika, ambalo vitabu huliita kihami. Ganda likikauka na kupasuka, unyevu wa sakafu huingia, na stima huanza kuvuja. Yavuja wapi? Chini ya nyayo za mtu aliyetoka kuoga, amelowa, hana viatu. Jambo hili si la mchezo.

Waya wa kawaida wa nyumba hupita ndani ya paipu. Ukiharibika, fundi huuvuta akatia mwingine. Waya wa sakafu hauvutwi. Juu yake kuna skridi, na juu ya skridi kuna vigae. Kuutoa ni kuvunja vyote. Ndiyo sababu twasema ya kuwa ganda la waya huu yapasa lidumu kama sakafu yenyewe, wala si kama taa ya kubadilishwa.

Wazee wa kazi hii wanazijua nyaya za mpira. Nyumba nyingi za Uingereza zilitiwa nyaya za namna hiyo mpaka miaka ya 1950. Zilipokuwa mpya zilikuwa laini na nzuri. Baadaye mpira ulikauka, na fundi akizigusa tu nyaya hizo ganda lilimwagika kama makapi. Hakuna aliyezipiga nyundo. Zilikula joto na hewa mwaka baada ya mwaka, basi.

Kuna kanuni ambayo mafundi wa stima huitumia kwa kukadiria: kila ganda linapozidishiwa nyuzi 10 za Selsiasi juu ya kipimo chake, maisha yake hupungua nusu. Tuseme kwa mfano ganda lingedumu miaka 20 kwa joto lake la haki. Lizidishie nyuzi 10, litadumu 10. Lizidishie 20, litadumu 5. Hii si hesabu ya kuapia, lakini yatuonyesha njia inakokwenda.

MAGANDA YENYEWE

Sasa tuyapange maganda yanayouzwa, kila mwanachama ajue anachokishika mkononi.

PVC ya kawaida ndiyo tunayoizoea. Kipimo chake ni nyuzi 70. Ni rahisi kwa bei, haipenyezi maji upesi, na hustahimili kusuguliwa. Lakini PVC kwa asili yake ni ngumu kama paipu ya maji. Ili iwe laini hutiwa dawa ya kulainisha, na dawa hiyo hutoka kidogo kidogo kwa joto. Ikiisha, ganda hukauka. Iko pia PVC ya kustahimili joto, ya nyuzi 90 na ya nyuzi 105. Hiyo ni afadhali, lakini lazima iandikwe hivyo, isiwe ni maneno ya muuzaji tu.

Polithini iliyofungamanishwa, ambayo huandikwa XLPE, kipimo chake ni nyuzi 90. Hii haiyeyuki kama polithini ya kawaida, kwa sababu nyuzi zake zimefungwa pamoja kama wavu. Tena haihitaji ile dawa ya kulainisha, basi hakuna cha kutoka ndani yake kwa njia hiyo.

Mpira wa silikoni hustahimili hata nyuzi 180. Lakini ni laini sana. Mwiko wa mwashi ukiugusa kwa ukali, umekatika. Ukitumiwa sakafuni lazima uwe na ganda jingine gumu juu yake.

Kisha kuna jamii ya fluoropolima. Ya kwanza yao, PTFE, iligunduliwa mwaka 1938 na Roy Plunkett huko Marekani, naye alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa, gesi ya mashine za baridi. PTFE hustahimili nyuzi 260, na ndugu yake FEP nyuzi 200. Maganda haya yanaweza kuwa membamba sana na bado yakazuia stima. Ndiyo maana nyaya nyembamba za kulazwa moja kwa moja chini ya kigae, ndani ya gundi yake, mara nyingi hutiwa ganda la namna hii. Bei yake ni kubwa, na sababu yake ipo.

Mwisho kuna waya wa koti la shaba, ambao ndani yake metali imezungukwa na unga wa magnesia ulioshindiliwa. Arnold François Borel wa Uswisi alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1896. Unga huo hauungui kabisa. Ubaya wake ni mmoja: hunywa unyevu. Ncha za waya zisipozibwa vizuri, maji huingia, na kazi yote imeharibika.

Waya mzuri wa sakafu mara nyingi huwa na maganda mawili: la ndani la kustahimili joto, yaani XLPE au fluoropolima, na la nje la kustahimili beleshi na saruji, ambalo laweza kuwa PVC ya nyuzi 105. Kati yao kuna wavu wa shaba au karatasi ya alumini inayoungwa na waya wa ardhi. Kwa hiyo hatusemi PVC ni takataka. Twasema kila ganda liwekwe mahali pake.

"SAKAFU YENYEWE NI NYUZI 29 TU"

Hapa mabwana makontrakta wana jawabu lao, nasi tulisikilize kwa haki. Wasema: uso wa sakafu ya sebule haupaswi kupita nyuzi 29 hivi, maana mguu wa mtu hauvumilii zaidi. Basi PVC ya nyuzi 70 yatosha mara mbili. Kwa nini tununue ghali?

Jawabu letu ni kwamba mguu hukanyaga uso wa sakafu, lakini ganda hukaa juu ya metali. Joto lazima litoke kwenye waya, lipite kwenye skridi, lifike juu. Kwa hiyo waya sikuzote huwa na joto kuliko uso. Ukiwa umezungukwa na saruji vizuri, tofauti si kubwa. Lakini mahali ambapo saruji haikushika vizuri na pakabaki hewa, joto halina njia ya kutoka. Na mwenye nyumba akitandika zulia zito, au akiweka kabati lisilo na miguu juu ya sakafu yenye waya, ni kama kumfunika mgonjwa wa homa kwa blanketi tatu. Waya hupanda joto, na hakuna anayeuona. Fundi hawezi kumzuia mwenye nyumba asinunue zulia baada ya miaka kumi. Anachoweza ni kulaza waya wenye ganda la kuvumilia kosa hilo.

Tena kuna jambo la stima yetu wenyewe. Stima ya nyumba hapa Kenya ni volti 240. Nyaya nyingi zinazotoka Ulaya zimeandikwa volti 230. Tofauti yaonekana ndogo, lakini nguvu hupanda kwa mraba wa volti. Waya ulioandikwa wati 15 kwa mita kwa volti 230 utatoa wati 16 na zaidi hapa kwetu, yaani nyongeza ya kama asilimia 9. Ganda lililochaguliwa bila nafasi ya ziada huanza kazi likiwa tayari na mzigo usio wake.

Na kuna dhambi kubwa kuliko hiyo: kukata waya ili utoshe chumba. Tuchukue chumba cha kuogea chenye mita za mraba 4 za kupashwa joto, kwa wati 150 kila mita ya mraba. Jumla ni wati 600. Kwa waya wa wati 15 kwa mita, twahitaji mita 40, na nafasi kati ya mstari na mstari ni sentimita 10. Kwa volti 240, ukinzani wa waya huo ni omu 96. Sasa nyapara asema, "Umebaki mrefu, kata mita 10." Ukikata, ukinzani washuka hadi omu 72, na nguvu yapanda hadi wati 800. Wati 800 kwa mita 30 ni karibu wati 27 kwa mita. Tulianza na 15! Waya mfupi umekuwa mkali zaidi. Hakuna ganda la bei rahisi litakalosalimika, na hata la bei ghali halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Waya wa namna hii haukatwi. Ukizidi, umechaguliwa vibaya, urudishwe dukani.

JIRANI MBAYA

Jambo jingine halisemwi mara nyingi, nalo limeua nyaya nyingi. Chini ya skridi huwekwa mabamba meupe mepesi ya polistirini, yale yanayofungiwa televisheni katika boksi, ili joto lisipotee ardhini. Mabamba hayo ni mazuri kwa kazi hiyo. Lakini PVC ikiyagusa, dawa yake ya kulainisha huhamia kwenye polistirini. Bamba huyeyuka na kushikamana na waya, na ganda la waya hukauka likawa gumu. Joto huiharakisha kazi hiyo. Basi kama ganda la nje ni PVC, lazima pawe na kitu cha kutenga kati ya waya na bamba. Fundi asilaze PVC juu ya polistirini kwa sababu tu alikuta mabamba yameshapangwa.

NDUGU ZETU WAASHI

Twataka pia kusema habari ya ugomvi kati ya mafundi. Waya unalazwa asubuhi na fundi wa stima. Mchana wanakuja waashi na vibarua na wilbaro, mabeleshi, na kokoto zenye meno. Waya ukikatwa, fundi wa stima amlaumu mwashi, na mwashi asema ulikuwa umeharibika tangu zamani. Wakibishana hivyo, mwenye mali hukaa kando akamkata mmoja wao mshahara.

Ndugu, huu ni ugomvi wa kupandikizwa. Kiwango cha kimataifa cha nyaya hizi, IEC 60800, chagawa nyaya katika daraja mbili za nguvu: M1 kwa mahali ambapo hatari ya kuumizwa ni ndogo, na M2 kwa mahali pa hatari kubwa. Kiwanja chenye wilbaro na kokoto ni mahali pa M2. Aliyenunua M1 kwa kuokoa pesa ndiye aliyewagombanisha wafanya kazi wawili, wala yeye mwenyewe hakushika beleshi.

YAWEZEKANA KUDUMU

Mtu asituambie ya kuwa nyaya za sakafuni sharti ziharibike. Katika mtaa wa Barbican mjini London, nyumba zaidi ya 2,000 zilizojengwa katika miaka ya 1960 na 1970 zilitiwa joto la stima ndani ya sakafu za zege. Joto hupashwa usiku, wakati stima ni rahisi, na zege hulitunza mpaka mchana. Nusu karne imepita, na mtaa huo bado unapashwa joto kwa njia hiyo. Zege ni lilelile na wapangaji wamebadilika mara nyingi. Waliozilaza nyaya hizo walijua ya kuwa hawatarudi kuziona.

MADAI YETU

Kwa hiyo twaomba kila tawi liyapeleke maneno haya kwa waajiri, yaingizwe katika mapatano ya kazi:

1. Kabla ya kununua, karatasi ya agizo itaje kiwango IEC 60800, daraja la nguvu, jina la ganda la ndani na la nje, kipimo chao cha joto, na volti. Fundi atakayelaza aione na kuikubali.

2. Waya usio na wavu wa metali wa kuungwa na ardhi usilazwe hata kidogo. Na kila sakafu iwe na swichi ya kukata stima inapovuja, ya miliampea 30.

3. Waya upimwe mara tatu: ukiwa katika boksi, baada ya kulazwa, na baada ya skridi. Upimwe ukinzani wake kama ulivyoandikwa kibandikoni, na ganda lipimwe kwa mega ya volti 500 kati ya waya na wavu wake. Sheria za kazi hukubali megaomu 1 kuwa mwisho wa chini, lakini waya mpya ukionyesha 1 tu, huo ni mgonjwa, usizikwe.

4. Vipimo viandikwe, vitiwe sahihi na fundi na msimamizi, na fundi apewe nakala yake. Karatasi hii ndiyo ngao. Waya uliopimwa ukiwa mzima kabla ya skridi, ukaonekana umekatika baadaye, hauwezi kuwekwa juu ya kichwa cha aliyeulaza.

5. Sakafu isiwashwe kabla saruji haijakauka. Kwa skridi ya kawaida huwa siku 28 hivi, au kama mtengenezaji alivyoandika. Kuwasha mapema ili mwenye nyumba afurahi ni kupasua skridi na kuacha nafasi za hewa kando ya waya.

6. Kazi ya kuvunja na kurudia ilipwe, ikiwa kosa ni la mali iliyonunuliwa na mwajiri.

Hapa mwajiri atasema mali nzuri ni ghali. Basi tumfanyie hesabu. Tuseme waya bora umezidi ule duni kwa shilingi 100 kila mita. Kwa chumba chetu cha mita 40, tofauti ni shilingi 4,000. Je, kwa shilingi 4,000 atavunja vigae, atoe skridi, abebe kifusi, anunue waya mwingine, amwage skridi upya, na kupanga vigae vingine vya rangi ileile? Anajua hawezi. Anategemea tu ya kuwa gharama hiyo itamwangukia mtu mwingine, na mtu huyo ni mimi na wewe.

Tusisahau ya kuwa fundi mwenye leseni ya EPRA ndiye anayetia sahihi kwenye cheti cha kazi. Sahihi hiyo ni jina lake na ugali wa watoto wake. Asiitie juu ya waya ambao hakuuchagua na hakuupima. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari. Basi ukiona waya wa nyumba wa kawaida umeletwa ulazwe kama waya wa joto, au boksi lisilo na maandishi, mwarifu msimamizi, tena kwa maandishi, na nakala uilete kwa katibu wa tawi. Fundi mmoja akikataa, huitwa mkaidi akafukuzwa. Tawi zima likikataa, mwajiri hurudi dukani.

Wahenga walisema, rahisi ghali. Sisi twaongeza: rahisi ya tajiri ni ghali ya fundi, mpaka fundi atakapokuwa na karatasi mkononi na wenzake nyuma yake.

Umoja ni nguvu.